Kiongozi na Watu Wanaomzidi Uwezo

Katika semina za viongozi wa matawi kuna swali moja linalorudi mara kwa mara, ingawa aghalabu huulizwa kwa kuzungukazunguka: je, kiongozi afanye nini anapokutana na mtu anayemzidi? Hatuzungumzii anayemzidi mali, maana kuhusu huyo Azimio la Arusha lilikwisha kutoa msimamo mwaka 1967. Tunamzungumzia anayemzidi akili, ufundi, ulimi, ujasiri au kukubalika kwa watu. Kiongozi mwoga humwona mtu wa namna hiyo kuwa ni mshindani wake katika uchaguzi ujao. Humnyima nafasi ya kusema mkutanoni, humpachika jina la "mjuaji", na mwishowe humsukuma nje kabisa. Tawi hubaki na wapiga makofi, na kiongozi hushangaa kwa nini mipango yake haitekelezwi.

Wako wanaodhani kwamba vipaji ni jambo la Dar es Salaam na vyuo vikuu. Kada anayefanya kazi Murangi, kando ya Ziwa Victoria, anaweza kujidanganya kwamba eneo lake lina wavuvi na wakulima wa mihogo tu. Lakini mtu anayeunda mtumbwi wa mbao usiovuja, kwa kupima kwa jicho lake, ni mhandisi. Mama anayeendesha kikundi cha kuweka na kukopa mwaka hadi mwaka bila shilingi kupotea, naye ni mhasibu hata kama hana cheti. Watu hao wapo katika kila kijiji. Kinachokosekana mara nyingi ni kiongozi mwenye macho ya kuwaona, na mwenye moyo wa kuvumilia kukaa nao.

Historia ya mkoa wa Mara inatupa mfano wa macho hayo. Simulizi inayojulikana sana Butiama na Ikizu inasema kwamba Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, alipomtembelea Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alicheza bao na mmoja wa watoto wa mwenyeji wake. Mtoto yule alimpa kazi kubwa mchezoni. Mtu mzima mwenye cheo angeweza kukasirika na kusema kwamba mtoto hana adabu. Makongoro alimshauri Burito ampeleke mtoto shule. Mwaka 1934 Kambarage, akiwa na umri wa miaka 12, aliingia Shule ya Mwisenge mjini Musoma, kiasi cha kilometa 40 kutoka nyumbani.

Hatusimulii habari hii ili kuutukuza utemi. Wakoloni waliutumia utemi kama chombo cha kutawalia, na nchi huru iliondoa mamlaka ya watemi mwaka 1963. Tunaisimulia kwa sababu ya namna kipaji kilivyotambuliwa. Makongoro hakutoa mtihani, wala hakupokea barua ya maombi. Alikaa chini akacheza, na katika kucheza akaiona akili ikifanya kazi. Kiongozi anayekutana na watu ofisini tu, yeye akiwa nyuma ya meza na wao wamesimama wakiwa na shida, atawafahamu kwa shida zao. Uwezo wao hataujua. Anayetaka kuujua lazima afike pale wanapofanya kazi yao, na wakati mwingine pale wanapocheza.

Sasa tuangalie Chama chenyewe. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, waasisi wake wengi walikuwa walimu, makarani, wafanyabiashara na wazee wa mjini. Wanawake walikuwa nyuma. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipoitembelea TANU, aliuliza wanawake wako wapi. Swali lile lilikuwa la aibu, lakini Chama kililijibu kwa vitendo: Bibi Titi Mohamed akapewa uongozi wa kitengo cha wanawake.

Bibi Titi alikuwa nani wakati ule? Elimu yake ya darasani haikuvuka shule ya msingi. Kwa kasumba ya kikoloni, hakuwa na sifa ya uongozi. Lakini alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na wanawake wa Dar es Salaam walikuwa wamejipanga katika vikundi vya ngoma vyenye viongozi wao, wanachama wao na nidhamu yao. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi hivyo, naye akizungumza lugha yao, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walijiandikisha. Hakuna karani wa TANU, hata awe na shahada gani, ambaye angeweza kufanya kazi ile.

Makada wajifunze hapa kwa makini. Chama hakikumchukua Bibi Titi ili kipambe jukwaa, kama tunavyoona leo mahali pengine, ambapo msanii huitwa aimbe, alishwe, arudishwe kwake. Kilimkabidhi kazi kubwa, kikamwacha aifanye kwa njia anayoijua yeye. Mtu mwenye kipaji hukaa mahali ambapo kipaji chake kinatumika. Ukimpa cheo bila kazi ataondoka, na akibaki ni kwa sababu amekwisha kuharibika.

Mfano wa Rashidi Kawawa unatuonyesha upande mwingine. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni iliwapiga marufuku watumishi wake kujiunga na siasa. Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa serikali na hata kuigiza katika filamu, alijenga nguvu katika chama cha watumishi Waafrika na kisha katika shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955. Uongozi wa TANU ulijenga urafiki na vyama hivyo vikiwa bado nje ya Chama, na Kawawa alipoacha kazi ya serikali mwaka 1956 uhusiano ulikuwa umekwisha kukomaa. Januari 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe Chama, na kiti kile akakikalia Kawawa. Ni viongozi wangapi wa tawi wanaoweza kumwachia makamu wao kuongoza kikao kimoja tu bila roho kuwadunda?

Ipo hoja kwamba watu hodari hufuata fedha, kwa hiyo chama maskini hakiwezi kuwapata. Joan Wicken aliivunja hoja hiyo kwa maisha yake. Mwingereza huyu, aliyewahi kufanya kazi katika chama cha Labour, alisaidia kukusanya fedha za kuanzisha Chuo cha Kivukoni, kilichofunguliwa mwaka 1961. Tangu mwaka 1960 alikuwa msaidizi binafsi wa Mwalimu, akabaki katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, hata baada ya Mwalimu kung'atuka urais mwaka 1985. Hakutajirika wala hakutafuta sifa magazetini. Alichopata ni kazi anayoiamini, na kiongozi aliyekuwa tayari kubishana naye kwa hoja. Hayo mawili hata tawi la Murangi linaweza kuyatoa.

Na kuvuta watu kunahitaji Chama kiwe na mlango ulio wazi. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, aliungwa mkono na TANU katika uchaguzi wa kura tatu wa mwaka 1958, ingawa kwa asili yake ya Kiasia hakuweza kuwa mwanachama mpaka uanachama ulipofunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1963. Baadaye aliishika Wizara ya Fedha kwa miaka mingi. Kama Mkutano wa Tabora ungesikiliza jazba tu, nchi ingempoteza mtu huyo kabla ya kumtumia.

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia hapo. Kumpata mtu ni nusu ya kazi; nusu nyingine ni kuishi naye anaposema hapana. Hapa rekodi yetu ina makovu. Oktoba 1966 zaidi ya wanafunzi 300 wa Chuo Kikuu walifukuzwa kwa kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka uliofuata Oscar Kambona, mmoja wa wajenzi wakubwa wa TANU, aliondoka nchini, akaishi ugenini mpaka mwaka 1992. Bibi Titi mwenyewe hakukubaliana na masharti ya uongozi ya Azimio. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akaachiwa kwa msamaha wa Rais mwaka 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Je, makosa yalikuwa ya nani? Mwandishi wa makala hii anaamini kwamba masharti ya uongozi yalikuwa sahihi, na kwamba ustadi wa mtu si kibali cha kuyavunja. Wanafunzi nao walikuwa na kiburi cha wasomi ambacho wakulima hawakupaswa kukivumilia. Lakini ni kweli pia kwamba nafasi ya kubishana ndani ya nyumba ilikuwa nyembamba, na nafasi ikiwa nyembamba, mwenye hoja na mwenye njama huonekana wamefanana. Wengi wa wanafunzi wale walirudishwa chuoni baadaye. Mmoja wa waliofukuzwa, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge mwaka 2005. Basi wangeweza kusikilizwa tangu mwanzo. Mwongozo wa mwaka 1971, katika fungu lake la 15, ulikataza viongozi kuwa na kiburi, ubadhirifu, dharau na uonevu. Fungu hilo wafanyakazi walilisoma haraka kuliko mameneja wao.

Upo pia mfano wa kutengana bila kukata uhusiano. Edwin Mtei, Gavana wa kwanza wa Benki Kuu, alijiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 kwa kutofautiana na Mwalimu juu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 1982 aliingia katika bodi ya Shirika hilohilo, akiziwakilisha nchi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Baadaye aliasisi chama cha upinzani. Hata hivyo ujuzi wake ulikuwa umetumika, maana tofauti ya sera haikugeuzwa kuwa uadui wa kudumu.

Na Joseph Warioba, mtoto wa Bunda, alitumika kama Mwanasheria Mkuu, kisha Waziri Mkuu kuanzia mwaka 1985 hadi 1990. Mwaka 1996 alikabidhiwa tume ya kuchunguza rushwa, na taarifa yake haikuwabembeleza wakubwa. Mtu wa namna hiyo hukosesha watu usingizi, lakini ndiye anayefaa kutumwa.

Turudi Murangi. Tuseme kata inataka ushauri juu ya uvuvi haramu, na anayeyajua maji yale kuliko wote ni mvuvi mzee wa dagaa asiyehudhuria mikutano. Katibu anaandika barua: afike ofisini saa nne asubuhi. Hafiki, na katibu anaandika katika taarifa kwamba wavuvi hawana mwamko. Huo ni umangimeza. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na saa nne asubuhi amelala, au yuko mchangani anaanika. Usiku wa mbalamwezi hapumziki kwa uvivu. Dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka. Kwa hiyo katibu aangalie mwezi kabla ya kupanga tarehe. Ateremke mwaloni jioni bila msafara, aulize kwanza habari za nyavu, asikilize mpaka mzee amalize, kisha amwombe achague yeye mwenyewe wenzake wa kukaa nao katika kamati. Na taarifa itakapopelekwa wilayani, jina la mzee yule liandikwe juu ya la katibu.