Vali iliyogeuzwa ilivyounguza pampu ya shule

Niliporejea Burundi mwaka 2012, kambi ya Mtabila huko Kasulu ilipofungwa, sikudhani kwamba siku moja nitatumwa kununua vifaa vya bomba. Lakini mwalimu wa kijijini hupewa kila kazi.

Wazazi wa shule yetu, karibu na Mugina, walichanga wakanunua pampu ya kupandisha maji ya kisima hadi tangi la mlimani. Nikavuka hadi Manyovu kununua vali ya kuzuia maji yasirudi, ile ambayo mafundi huiita nonritani. Aliyeifunga hakutazama mshale ulio ubavuni mwake, aliuelekeza kisimani. Pampu iliunguruma karibu saa nzima bila tone kufika tangini. Maji yaliyonaswa ndani yalichemka, mpira wa kuzuia uvujaji ukaungua. Watoto wakarudi kuteka mtoni.

Ndugu msomaji, wewe unayejenga upya au unayeuza vifaa hivi mpakani, somo hilo lilitugharimu. Wewe lipate bure.

Kwanza, mshale ufuate mwendo wa maji. Kabla ya kufunga, sukuma kilango kwa kidole: kifunguke upande maji yanapoingia, kigome upande wa pili.

Pili, chagua aina inayofaa. Vali ya bawaba hufaa bomba lililolala, au lililosimama iwapo maji yanapanda. Yakiwa yanashuka, haijifungi. Ya springi hukubali mkao wowote na hufunga upesi, hivyo hupunguza kishindo pampu inapozimwa. Hata hivyo, huhitaji msukumo ili ifunguke. Maji ya tangi lililo chini yanaweza kupita kwa shida.

Tatu, pima kimo. Kila mita 10 za kupanda ni takriban baa 1. Tangi letu liko mita 30 juu ya pampu, yaani baa 3, bila kuhesabu kishindo. Vali yenye alama PN16 huhimili baa 16.

Nne, kati ya pampu au kona na vali, acha bomba lililonyooka lenye urefu wa angalau mara 5 ya kipenyo chake. Aidha, weka yunioni ili vali ifunguliwe na kusafishwa.

Wazazi walichanga tena. Safari hii nilisimama kando ya fundi, macho yangu kwenye mshale. Sisi tulirudi kwetu, na ni heri. Maji yaliyokwisha kupanda ndiyo yasirudi.