Unafufua Land Rover ya familia? Usikimbilie injini, tazama stelingi kwanza

KUKUTANA na Land Rover ya zamani Babati si jambo la kushangaza. Zipo zinazobeba magunia ya mahindi, na zipo zinazofufuliwa upya: rangi mpya, injini ya dizeli kutoka gari jingine, matairi mapana. Tangu tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, hamu hiyo imezidi kunoga.

Ukurasa huu huzungumzia zaidi lishe na chanjo, lakini Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja ajali za barabarani kuwa sababu namba moja ya vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Gari likitoka gereji, watakaopanda ni hao hao. Na kifaa kinachosahaulika sana ni boksi la stelingi.

Tuchukue Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Haina pawa. Boksi lake linasukuma fimbo ndefu hadi kwenye rilei iliyo mbele ya chasisi, ndipo nguvu inafika magurudumuni. Njiani kuna tairodi sita. Kwa hiyo stelingi ikicheza, usikubali haraka kuambiwa boksi limekufa. Zima gari, mtu mmoja atikise usukani, wewe chungulia chini. Tairodi inayocheza utaiona kwa macho, na bei yake ni ndogo kuliko boksi.

Boksi likiwa ndilo bovu, fundi wengine hukaza skrubu ya juu na kukurudishia gari. Shida ni kwamba boksi hulika zaidi katikati, mahali gari linapokwenda moja kwa moja. Ukikaza mpaka mchezo uishe pale, kwenye kona litakaba na usukani hautarudi wenyewe. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko mchezo wenyewe.

Wengi basi huamua kuweka boksi la pawa la mtumba, la Defender au Land Cruiser. Wazo si baya, hasa kama mama naye ataendesha, maana Series yenye matairi mapana huchosha mabega kweli kweli. Lakini Defender hukaa kwenye springi za koili, Series kwenye springi za majani. Fimbo ya stelingi isipokaa kwa pembe inayokubaliana na springi, kila ukiruka tuta gari hujipinda lenyewe bila wewe kugusa usukani. Mwambie fundi akuoneshe pembe hiyo kabla hajachomelea chochote.

Boksi la pawa pia huvuta chasisi kwa nguvu zaidi. Chasisi yenye kutu ikibandikwa bati jembamba, itapasuka. Na mkono unaotoka kwenye boksi usikubali ukatwe na kuungwa kwa kuchomelea, tafuta unaolingana.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa afya hawezi kuliruka. Kwenye magari ya zamani, mhimili wa usukani mara nyingi ni chuma kimoja kilichonyooka. Gari likigongwa mbele, chuma hicho hurudi kifuani kwa dereva. Marekani ilianza kudhibiti jambo hili kwa sheria Januari 1968. Mradi unabadilisha boksi, weka mhimili wenye viungo viwili vya kukunjika, au uliotoka kwenye gari la kisasa linalojikunja likigongwa.

Siku ya majaribio, usipakie watoto. Geuza usukani kulia na uhakikishe matairi yanakwenda kulia. Inachekesha, lakini boksi likifungwa kinyume na lilivyokaa kwenye gari lake la awali, linaweza kugeuza upande. Kisha geuza hadi mwisho pande zote, uone kama paipu ya breki haiguswi.

Baada ya hapo ndipo ufikirie safari ya Mbulu kupitia mlima Magara. Huko usizime injini mteremkoni ili kuokoa mafuta: pampu ya pawa inazungushwa na injini, ikizimika usukani unakuwa mzito ghafla, tena katikati ya kona. Ukirudi, baada ya kilomita mia chache, kaza upya bolti zote za boksi.