JE, WAJUA? Teleka hula na kunywa akiwa angani

Teleka wanaoonekana juu ya mapaa ya Kenton, London, kuanzia Mei, huondoka Agosti kuelekea Afrika, hasa bonde la Kongo. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walithibitisha kuwa baadhi yao huruka miezi 10 bila kutua.

Jamaa yao wa Shelisheli hutaga yai moja tu, ndani ya pango lenye giza. Hutoa milio mifupi ya haraka na kusikiliza mwangwi wake ili asigonge mwamba. Kiota hukishikiza ukutani kwa mate, ambayo hukauka yakawa magumu.

Unakarabati paa Kenton? Waachie teleka tundu lao. Sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza kuharibu kiota kinachotumika.