Jiwe Halina Macho

Ndugu msomaji, umepata kuona uso katika jiwe au kisiki? Usiogope. Ubongo wa binadamu hutafuta nyuso upesi sana. Matundu mawili huwa macho, ufa huwa mdomo.

Mila nazo hutuongoza. Wazungu wengi huona mtu mwezini. Wachina huona sungura. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani walieleza kuwa watu huona nyuso hizo kuwa za kiume zaidi. Si wanaume tu, hata wanawake.

Basi, ndugu wa Kerende, kisiki kikikutazama usiku, rudi asubuhi ukikague. Utakuta matundu ya mchwa. Usimtaje bibi kizee wa jirani. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumsingizia mtu uchawi.