Noeli na politiki: kila kimoja kipewe saa yake

Desemba ikifika Bunia, masikio hayapumziki. Jioni kwaya ziko kwa mazoezi: Wakatoliki wa Nyakasanza kwao, watu wa CECA 20 kwao, Waanglikana kwao, kila kanisa na ngoma na kinanda chake. Kando ya boulevard, watu nao wako na mazoezi yao: nani atapata kiti, nani alikula makuta, kabila gani limesahauliwa. Nyimbo zinavuta huku, politiki inavuta kule. Katika familia nyingi, sahani ya mchele ya Noeli ndiyo inalipa deni: watu wanaanza kula kama ndugu, wanamaliza kama wapinzani.

Wengine wanasema: basi, tufunge politiki mpaka Januari. Mimi mtu wa sindika ya wachimbaji sikubali, kwa sababu hapa Kongo politiki yenyewe imechagua Desemba. Angalieni tarehe. Mapatano ya Pretoria, yaliyoleta serikali ya mpito, yalitiwa sahihi tarehe 17 Desemba 2002. Kura ya maoni juu ya Katiba ilifanyika tarehe 18 na 19 Desemba 2005. Mapatano ambayo maaskofu wa CENCO walisimamia yalitiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2016, watu wakingojea Bonane. Uchaguzi wa 2018 ulikuwa tarehe 30 Desemba. Ule wa 2023 ulikuwa tarehe 20, na matokeo ya muda yakatangazwa tarehe 31. Noeli yote tuliila katikati ya kura na matokeo. Sisi wa Ituri tunaongeza tarehe nyingine chungu: ni Desemba 2017 ndipo mauaji ya Djugu yalianza tena. Anayetuomba Desemba bila politiki anatuomba tufunge macho wakati wengine wanakata mambo yetu.

Lakini kinyume chake pia tulikiona. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliondoa Noeli kwenye sikukuu za taifa, na tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama zingine. Siku zile watu waliimba na kucheza kwa ajili ya chama na kiongozi wake, kazini hata shuleni. Politiki ilitaka kuchukua hata kinywa cha kuimba. Iko wapi leo? MPR ilianguka mwaka 1997, na Noeli iko, na watoto wanaimba.

Kwa hiyo swali si kuchagua kimoja na kutupa kingine. Ni kujua kipi kinatangulia na kipi kinafuata.

Kule machimboni swali hili si la maneno tu. Katika shimo moja mnakuta Mlendu, Mhema, Mualuri, Mnande, Mlugbara. Anayeshuka chini anaweka maisha yake kwenye kamba, na kamba iko mikononi mwa mwenzake aliye juu. Neno la politiki likiwagawanya usiku, asubuhi nani atashika kamba ya nani?

Ndiyo maana katika kikundi chetu, mkutano wa mwisho wa mwaka una utaratibu wake. Tunaanza mchana kusudi kila mtu afike nyumbani kabla ya giza. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na barabara za usiku tunazijua. Kwanza tunaimba, kila mtu kwa luga yake. Halafu tunafanya mahesabu. Halafu politiki, na kila mtu anapewa dakika zake. Chakula kikifika, politiki imekwisha. Mzee mmoja wa timu ana neno lake: « Bugali hainaga chama. »

Kuanza na wimbo kuna maana. Wahema wa Kaskazini, kule Djugu, wanazungumza Kilendu, luga ileile ya Walendu. Wimbo mmoja wa Noeli kwa Kilendu unaweza kutoka vinywani mwa watu ambao wanasiasa wanawaambia kwamba hawana kitu cha pamoja. Mkishaimba pamoja, tusi la kabila linakuwa zito kutoka mdomoni.

Hata hivyo, wimbo peke yake hautoshi. Noeli ya 1914, katika vita vya kwanza vya dunia, askari Waingereza na Wajerumani waliimba kila mmoja ndani ya handaki lake, kisha wakatoka, wakapeana mikono na tumbako. Ilikuwa ni jambo zuri. Lakini wakubwa wao hawakukaa mezani, na vita viliendelea mpaka Novemba 1918. Nyimbo zinafungua mlango. Lazima mtu aingie na kuongea.

Aongee nini? Mwisho wa mwaka mchimbaji anahesabu: gramu ngapi, deni ngapi, ada za shule ngapi. Politiki ya Desemba nayo iwe ya mahesabu. Kodi ya madini ambayo kampuni zinalipa kwa dhahabu ni asilimia 3.5, kufuata sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018. Katika hizo pesa, 50 kwa mia ni za serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za sekta, cheferi au komini ambako madini yanatoka, na 10 za mfuko wa vizazi vijavyo. Ulizeni basi: ile 15 ya kwetu ilifika? Ilijenga nini? Nani aliipokea? Swali hilo Mlendu analiuliza, Mhema analiuliza, na jibu ni moja kwa wote wawili. Ndiyo politiki ambayo haivunji sahani.

Mwaka huu, ndugu zangu, kabla ya kuongea juu ya wakubwa, muulize jirani kama watoto wake wamekula. Waliokimbia vita wako hapa hapa mjini, kule Kigonze. Sufuria ikijaa, wakumbukeni. Imbeni kwanza. Halafu kaeni chini, muulize hesabu bila woga na bila matusi.

Noeli njema na Bonane kwenu wote, juu ya ardhi na ndani ya mashimo.