Ardhi Isiyo Ardhini: Maneno ya Waundaji wa Vikuza Sauti vya Hedifoni

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kozi yangu ya tafsiri aliniletea kazi ambayo sikuitarajia. Badala ya hadithi fupi au kijitabu cha afya, alikuwa amefasiri mwongozo wa kuunda kikuza sauti kidogo cha hedifoni, pamoja na sehemu ya mazungumzo ya watu wanaoviunda vifaa hivyo kwa mapenzi tu, nyumbani, baada ya kazi za mchana. Kiswahili chake kilikuwa safi, upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari, nami nikampa alama za juu. Siku chache baadaye nilimwonyesha kazi ile fundi sanifu wa maabara ya umeme. Alisoma kwa utulivu hadi alipofika kwenye sentensi hii: “Sauti ikivuma, kata uunganisho wa ardhi.” Akaweka kikombe chake cha chai mezani, akaniuliza, “Mwalimu, ardhi ipi?”

Sikuwa na jibu. Baya zaidi, sikuwa nimejua kwamba kuna swali.

Ili msomaji alielewe swali hilo, inafaa kwanza akijue kifaa chenyewe. Kikuza sauti alichokishughulikia mwanafunzi wangu huitwa CMoy, kwa jina la mbunifu wake, Chu Moy, aliyetangaza mchoro wake mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinatumia betri ya volti 9, aisii moja iliyo na vikuza viwili ndani yake, kimoja kwa kila sikio, na rezista na kapasita chache. Mazoea ya waundaji ni kukitia ndani ya kopo la bati la peremende za Altoids, na kopo hilo limekuwa kama sare ya wapenzi wa kazi hii. Haja yake ni rahisi kuieleza. Hedifoni kama Sennheiser HD 600 ina omu 300, na huhitaji volteji kubwa kuliko ile ambayo simu nyingi huweza kutoa. Simu haina nguvu za kuisukuma. Sauti inatoka, lakini inatoka kinyonge.

Sasa, mchoro wa CMoy huitaka aisii ipate umeme chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, na katikati pawe na mahali pa sifuri. Betri moja haina katikati. Kwa hiyo waundaji huigawa kwa rezista mbili zilizo sawa, na pale zinapokutana hupatikana nukta iliyo volti 4.5 juu ya ncha hasi na volti 4.5 chini ya ncha chanya. Nukta hiyo ndiyo ambayo Waingereza na Wamarekani wanaounda vifaa hivi huiita kwa neno lenye maana ya ardhi. Hakuna udongo hapo, wala waya unaokwenda kwenye udongo. Ni sifuri ya kupimia tu, kama vile usawa wa bahari ulivyo sifuri ya kupimia urefu wa mlima.

Katika vifaa vingine, neno lilelile hutumiwa kwa ncha hasi ya betri, kwa sababu katika vifaa hivyo ncha hasi ndiyo sifuri ya saketi. Anayekwenda na mazoea hayo hadi kwenye CMoy atapotea mara moja. Kopo ni la chuma. Tundu la kuchomekea hedifoni, lisipotengwa, huliunganisha kopo na nukta ya katikati; tundu la kuchajia betri, likiwa na mwili wa chuma, laweza kuliunganisha kopo hilohilo na ncha hasi. “Ardhi” mbili zikikutana kwenye bati moja, rezista moja ya kigawanyo imefungwa mzunguko mfupi na mpango wote wa umeme umevurugika. Waundaji huonyana juu ya kosa hili mara kwa mara, na mfasiri aliyetumia neno moja kwa vitu viwili amelifuta onyo hilo bila kujua.

Hata hivyo, kosa hilo halimuui mtu. Swali la fundi sanifu lilihusu ardhi ya tatu: ule waya wa kijani wenye mistari ya njano unaotoka kwenye plagi ya pini tatu hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini kweli. Vikuza sauti vikubwa zaidi, hasa vile vya valvu, hutumia umeme wa ukutani, na ndani ya vile vya valvu mara nyingi mna volti mia kadhaa. Waya huo wa kijani hufungwa kwenye kasha la chuma ili, waya wenye umeme ukikatika na kuligusa kasha, mkondo ukimbilie ardhini na fyuzi ikatike, badala ya mtu kuligusa kasha na mkondo kupita mwilini mwake.

Na hapa ndipo mvumo unapoingia. Kikuza sauti kikiwa na waya huo, na kompyuta inayokiletea muziki ikiwa na wake, kisha vikaunganishwa kwa waya wa sauti, hutokea njia iliyofunga duara: kutoka kifaa kimoja hadi kingine kwa waya wa sauti, na kurudi kwa waya za usalama. Mkondo mdogo huzunguka katika kitanzi hicho, na msikilizaji husikia mvumo mzito ukifuata mapigo ya umeme wa ukutani, ambayo kwetu ni 50 kwa sekunde. Waundaji wenye uzoefu hukivunja kitanzi upande wa waya wa sauti, kwa transfoma ndogo ya kutenganisha kwa mfano, au huanza kwa kuvichomeka vifaa vyote viwili kwenye soketi za ubao mmoja. Wasio na uzoefu hung’oa pini ya usalama. Mvumo hukoma, na hapo ndipo hatari inapoanza, maana kasha la chuma sasa halina pa kupeleka umeme litakapopatwa na hitilafu.

Soma tena sentensi ya mwanafunzi wangu: “Sauti ikivuma, kata uunganisho wa ardhi.” Matini asilia ilikuwa ikizungumzia kitanzi cha upande wa sauti. Tafsiri ilimwambia msomaji ang’oe waya wa kijani. Mwanafunzi hakukosea kamusi, aliifuata. Nami niliyesahihisha nilipima ngeli na vitenzi, nikaacha kupima kile ambacho msomaji angekifanya kwa mikono yake.

Pendekezo langu kwa wafasiri ni hili. Waya wa usalama uitwe *ethi*, kama mafundi wetu wanavyouita kila siku: ethi hii, ethi imekatika, nyumba haina ethi. Sifuri ya kupimia iitwe *nukta sifuri* ya saketi. Ncha hasi ibaki kuwa *ncha hasi*. Kasha liitwe *kasha*. *Ardhi* tuiachie ardhi. Nimeshasikia pingamizi kwamba ethi ni neno la kukopa ilhali ardhi ni letu, na huwa najibu kwamba ardhi nalo tulilitoa kwa Waarabu, ila tumelisahau deni kwa kuwa ni la zamani. Sentensi ya mwanafunzi sasa inasomeka hivi: “Sauti ikivuma, tenganisha nukta sifuri za vifaa viwili upande wa waya wa sauti, ethi usiiguse.” Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na iwe hivyo.

Tukiwa hapohapo, neno *waya* lenyewe linastahili aya yake. Liliingia kutoka Kiingereza, lakini kwa kuwa linaanza na *wa-*, wasemaji wengi walilipokea kama walivyozoea kuona *wayo* na *nyayo*, *wimbo* na *nyimbo*. Wakapata *waya huu*, *nyaya hizi*. Wengine husema *waya hii*, *waya hizi*, kwa kufuata njia ya *redio* na *spika*. Matumizi yote mawili yamo, hata mimi huchanganya, kama msomaji makini alivyokwishaona hapo juu. Katika matini moja, chagua moja.

Jina la kifaa nalo lina utata wake. *Kipaza sauti* limebeba mzigo mkubwa mno: kwa mmoja ni kile anachoshika mhubiri mkononi, kwa mwingine ni lile tarumbeta lililo juu ya mnara wa msikiti, kwa wa tatu ni sanduku lililo kati ya hivyo viwili. *Kikuza sauti* ni bora kwa sanduku hilo, kwa kuwa *-kuza* yatokana na *-kua*: kitu kidogo kimefanywa kikubwa, na ndivyo kifaa kinavyofanya. Kiasi cha kukuza huandikwa kwa namba, na katika CMoy ya asili ni takriban mara 11. Nimeona kiasi hicho kikifasiriwa *faida*, kana kwamba betri imefungua duka. *Kiwango cha ukuzaji* chatosha. Ama *vipokea sauti vya kichwani*, jina linaloonekana katika baadhi ya programu za simu, sina ugomvi nalo isipokuwa kwamba linasema kinyume: kinachopokea sauti ni sikio, na kifaa hupokea umeme kikatoa sauti. Mimi naandika *hedifoni*.

Kazi yenyewe ya kuunganisha vipande ina neno zuri la kale, *kulehemu*, na kinachoyeyushwa ni *lehemu*. Baadhi ya watu hukiita *risasi*, kwa kuwa lehemu ya kawaida huchanganya bati na risasi. Ile yenye sehemu 63 za bati na 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Lakini siku hizi kuna lehemu ambayo haina risasi kabisa, nayo hutaka joto zaidi. Anayeita kila lehemu “risasi” atalazimika kuandika “risasi isiyo na risasi”, na msomaji atacheka kabla ya kusoma zaidi.

Waundaji hulalamika pia juu ya kiungo ambacho kwa Kiingereza huitwa “baridi”. Si baridi kwa kuguswa. Ni kiungo ambacho lehemu ilikauka juu ya chuma bila kuenea na kukamatana nacho, kwa sababu chuma hakikupata joto la kutosha; sauti hukatika na kurudi mtu akitikisa kopo. Kiswahili hakihitaji baridi hapa. Husema rangi *imeshika*, saruji *haijashika*. Sema “lehemu haikushika”, na kila fundi atajua la kufanya.

Penye utajiri hasa ni upande wa kelele, maana watu hawa hutumia saa nyingi kusikiliza kile kisichotakiwa kusikika. Kiingereza chao kina maneno manne au matano ambayo wanafunzi huyafasiri yote kwa *kelele*. Sisi tuna zaidi. *Mvumo* ni wa umeme wa ukutani, na ni ndugu wa *uvumi*, ambao nao huzunguka bila kuonekana chanzo. *Mkwaruzo* hutoka kwenye kitufe cha sauti kilichoingia vumbi, kikizungushwa. *Kutatarika* ni kwa kiungo kibovu, kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. *Mbinja* ni pale aisii inapojiendesha yenyewe na kupiga ukelele mwembamba. *Kukoroma* ni kwa sauti iliyosukumwa kupita uwezo wa betri hadi vilele vya mawimbi vikakatwa. Wauza spika husema hivyo kila siku. Kwa ule mnong’ono wa daima unaobaki muziki ukinyamaza, kama mchanga unaomiminwa mbali, sijapata neno moja linaloniridhisha. *Mchakacho* unakaribia, ingawa una majani makavu ndani yake.

Mazungumzo yao mengine ni mzaha, na mzaha huu huvuka vizuri. Husema kwamba kila kifaa huendeshwa na moshi uliofungiwa ndani, na ushahidi ni kuwa moshi ukishatoka kifaa hakifanyi kazi tena. “Moshi wake umetoka” hueleweka kwetu papo hapo, kwa kuwa ndivyo tunavyosema roho imetoka. Kabla ya kuvaa hedifoni ya bei kubwa, hupima kwa mita kama kuna mkondo mnyoofu unaovujia kwenye tundu, wakitaka kuona milivolti chache tu, kisha huchomeka kwanza hedifoni ya bei rahisi. Mwanafunzi wangu aliiita *hedifoni ya kafara*, na nilijuta kuwa alama za juu nilikuwa nimeshazitoa kwa sababu zisizo sahihi. Tabia yao ya kuchomoa aisii moja na kuchomeka nyingine, wakitafuta tofauti ya sauti, aliifasiri kwanza kwa *kuviringisha*. Tulikubaliana juu ya *kubadilibadili*: urudufishaji wa kitenzi unabeba ule uchezeaji, na hata ile shaka kwamba labda tofauti haipo.

Lililobaki ni sifa za sauti. Waundaji husifu sauti “yenye joto”. Mwanafunzi aliandika *sauti ya joto*, nami nikamwuliza ni lini, tangu azaliwe Tanga, amewahi kulisifu joto. Kwetu kinachosifiwa ni kilichopoa. Sauti tunaisifu kwa *nene*, *tamu*, *nyororo*, *iliyojaa*. Wanakwaya watamwambia mtu wa besi kuwa sauti yake ni *nzito*, na ataondoka akiwa amefurahi. Na sauti njema kupita kiasi humtoa nyoka pangoni. Alikwenda akafikiri, akarudi na *sauti nene isiyokwaruza*. Fundi sanifu aliisoma, akavaa hedifoni iliyochomekwa kwenye kopo la peremende, akafumba macho kwa muda, akasema neno *tamu* limesahaulika.