Magoti ya Wazee na Chupa za Sokoni

Miongoni mwa maradhi yanayompokonya mkulima nguvu ya kushika jembe, maumivu ya viungo ndiyo yanayodharauliwa kupita yote. Hayaui upesi, hayaambukizi, wala hayapelekewi kikosi cha wataalamu kutoka makao makuu. Mzee akisema magoti yanamuuma huambiwa kwamba huo ni uzee, naye hurejea nyumbani na uzee wake. Dharau hiyo ndiyo iliyowafungulia wachuuzi soko, na katika soko hilo watu wanapoteza figo zao.

Nazungumzia hasa Mpanda na Mkoa wa Katavi kwa jumla. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulihesabiwa watu 564,604 katika sensa ya mwaka ule. Sensa ya 2022 ikawakuta 1,152,958. Idadi imezidi maradufu katika miaka kumi, na wengi wa watu hao wanaishi kwa kuinama: mahindi, mpunga wa bonde la Mpimbwe, tumbaku, kuni na ndoo za maji. Vijiji viko mbalimbali, kutoka Mishamo misituni hadi Karema kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mgonjwa wa huko aghalabu hukutana na mchuuzi mwenye kipaza sauti mnadani kabla hajakutana na daktari. Msomaji wa Unguja au Pemba asidhani kwamba hizi ni habari za bara ya mbali zisizomhusu. Maneno yanayouzia chupa katika stendi ya Mpanda ndiyo yale yale yanayosikika Darajani na Chake Chake: dawa ya asili, haina kemikali, inarudisha ute wa magoti, inamaliza presha na sukari kwa pamoja.

Tumchukue kwa mfano mwanamke mkulima mwenye umri wa miaka 63. Ana shinikizo la damu na kisukari, na kila mwezi huhudhuria kliniki, ambako hupewa vidonge viwili vya presha, kimoja kikiwa cha kukojosha, pamoja na metfomini ya sukari. Magoti yake yamesagika gegedu. Katika kliniki hupimwa presha na sukari, basi. Magoti hayamo katika daftari. Akitoka hapo hupita duka la dawa akanunua diklofenaki, kisha mnadani akanunua chupa ya vidonge vya mitishamba. Hakuna aliyemdanganya tabibu. Hakuulizwa, naye akaona haya kusema.

Sasa inafaa ifahamike yanayotokea ndani ya mwili wake. Figo huchuja damu kwa nguvu ya msukumo. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hubana mishipa inayoingiza damu katika chujio. Dawa za presha za jamii ya kaptoprili, enalaprili na losatani hulegeza mishipa inayoitoa. Na kidonge cha kukojosha hupunguza maji mwilini. Kila moja peke yake, mwili waweza kuistahimili. Zikikutana tatu, hasa kwa mtu aliyeharisha, aliyeshinda shambani juani bila maji, au aliyefunga Ramadhani siku za joto, msukumo huanguka na figo zaweza kuacha kazi katika siku chache tu. Isitoshe, diklofenaki yenyewe hupandisha presha. Mwezi unaofuata tabibu, asiye na habari, huona kipimo kimepanda, huongeza dawa ya presha, na mgonjwa hurudi nyumbani na mzigo mzito zaidi wa sumu ile ile. Sijataja bado vidonda vya tumbo na kutapika damu, ambavyo huwapata zaidi wazee, na zaidi tena wale wanaokunywa aspirini kwa ajili ya moyo.

Chupa ya mnadani huenda ikawa mbaya kuliko kidonge cha dukani, kwa kuwa kidonge walau hutaja jina lake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wa huko mara kadhaa juu ya virutubisho vya viungo vilivyouzwa kwa majina ya Artri na Ortiga. Maabara ilikuta ndani ya baadhi ya bidhaa hizo diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikuandikwa katika kibandiko. Ziliripotiwa habari za kudhurika kwa ini, na za vifo. Huko, tangu sheria ya mwaka 1994, kirutubisho huingia sokoni bila kuthibitishwa kwanza kwamba ni salama wala kwamba kinatibu. Wanaodhani kwamba chupa yenye maandishi ya Kiingereza imekwisha pimwa na Wazungu wajue hivyo.

Deksamethasoni ni dawa ya heshima ikiwa mikononi mwa daktari. Ikifichwa katika chupa huwa laghai hodari. Siku ya pili maumivu yametoweka, mzee anatembea bila bakora, na jirani zake wote wananunua. Wakati huo huo sukari inapanda bila sababu inayoonekana, presha inapanda, uso unajaa na kuwa mviringo, mifupa inapungua uimara. Tezi zinazotengeneza homoni ya namna hiyo mwilini hulala usingizi. Chupa ikimalizika na fedha ikakosekana, mgonjwa huishiwa nguvu, hutapika na huweza kuzimia. Jamaa zake husema maradhi yamerudi kwa sababu dozi haikukamilika, nao huchanga fedha za chupa nyingine.

Hata virutubisho vilivyo vya kweli bei yao huzidi faida yao. Glukosamini na kondroitini, vinavyosifiwa sana kwa magoti, vilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 1,583, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: kwa jumla havikuwashinda watu waliopewa kidonge kitupu. Tena glukosamini huongeza nguvu ya wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, hata mtu akaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Nisieleweke kwamba napinga tiba za wazee wetu. Taifa hili lilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili hapo Muhimbili mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa Taasisi kamili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwapa waganga nafasi yao. Lakini jani lenye uwezo wa kutibu lina uwezo wa kudhuru. Habasoda na mlonge huweza kushusha sukari na presha. Mwenye kumeza vidonge vya maradhi hayo akavichanganya na kiasi kikubwa cha vitu hivyo huenda akaanguka kwa sukari kushuka mno. Manjano ya mchuzi hayana neno, bali manjano yaliyokolezwa ndani ya vidonge yamekwisha kuwaharibu watu ini katika nchi kadhaa. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa kwamba kujitibu kumehimizwa. Na fiqhi hiyo hiyo imeweka dhamana juu ya mtu anayetibu bila kujua utabibu, kwamba akidhuru atalipa. Mchuuzi wa stendi hana anwani ya kudaiwa.

Mwaka 2011 taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wenye kisukari, presha, saratani na UKIMWI walikwenda kwa maelfu, na wapo waliotupa dawa zao za hospitali wakidhani wamepona. Baadhi ya viongozi nao walipanga foleni. Sisemi haya kwa kumkejeli marehemu, aliyefariki mwaka 2021. Nasema kwamba umati ule haukutoka katika ujinga mtupu. Ulitoka katika kuchoka na maradhi yasiyoisha, kliniki zisizo na nafasi ya kusikiliza, na vidonge vya kila siku mpaka kufa.

Je, mwenye magoti afanye nini? Yapo mambo, na mengi ni ya bei nafuu. Kila kilo moja ya uzito inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Kuimarisha misuli ya mapaja, hata kwa kukaa kitini na kunyoosha mguu mara kumi asubuhi na jioni, hupunguza maumivu. Bakora ishikwe mkono wa upande usiouma; wengi huikosea. Joto hutuliza kiungo, lakini mwenye kisukari asitumbukize miguu katika maji ya moto kabla mwingine hajayajaribu kwa mkono, kwa maana sukari huua hisia za nyayo na mtu huungua asijue. Paracetamoli huvumiliwa zaidi na figo, kwa mpaka wa vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima, na pungufu kwa mzee dhaifu. Diklofenaki ya kupaka huingia kidogo tu katika damu. Na si kila maumivu ni kusagika. Jongo linaweza kuchochewa na kile kile kidonge cha kukojosha, na hapo tiba ni tabibu kubadili kidonge. Maumivu makali yanayokuja ghafla pamoja na homa huenda yakawa chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa Newala mwaka 1952 na kupewa jina la Kimakonde, uliowashika watu wa Lamu mwaka 2004 na Komoro mwaka 2005. Au yakawa dengi, ambayo mwenye kuitilia diklofenaki anajitafutia kuvuja damu.

Nawageukia watumishi wa Serikali. Tangu Julai 2019 usimamizi wa dawa uko TMDA, na wa chakula uko TBS. Tiba asili ina Baraza lake. Zanzibar, chakula na dawa viko chini ya Wakala mmoja. Chupa inayotibu magoti kwa maneno ya mchuuzi na kujiita chakula katika kibandiko hupenya katikati ya ofisi hizo, kila moja ikidhani ni ya mwenzake. Hapana budi zikubaliane nani atapeleka sampuli za minada ya Katavi maabara, na matokeo yatangazwe redioni kwa majina ya bidhaa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya mamilioni ya watu kwenye vikundi vya redio kuzungumza juu ya maji, vyoo na mbu. Vikundi vile vingefaa sana leo kwa presha na sukari.

Ama waganga wafawidhi wa zahanati, hawahitaji kungoja waraka. Siku ya kliniki kila mgonjwa aambiwe aje na mfuko wenye kila anachomeza, kupaka na kunywa, cha hospitali na cha sokoni, bila kukaripiwa. Vimwagwe mezani, vihesabiwe, viandikwe katika daftari lake. Na katika ukurasa huo huo liandikwe, kwa mara ya kwanza, neno magoti.